Bibi Grace Hopper na Elimu ya Makosa

Yako maneno ambayo siku hizi humfika kila mwenye simu, tangu mvuvi wa Vanga hadi mwenye duka wa Lamu. Mtu anatuma fedha, au anajaza fomu ya serikali, au analipa karo ya mwanawe. Anabonyeza, mashine inakaa kidogo kama inayofikiri, kisha inamjibu kwamba kumetokea hitilafu. Basi, imekomea hapo. Hitilafu gani? Haisemi. Imetoka kwake au kwa mashine? Haisemi. Fedha zimekwenda au zimebaki? Hilo nalo hailisemi. Mtu mzima mwenye akili zake timamu hubaki ameishika simu kama aliyebisha hodi kwenye nyumba ambayo anasikia ndani mna watu, lakini hapana amwitikiaye.

Nimepata kukaa na vijana wetu wanaoziunda tovuti hizi, nikawauliza kwa nini majibu yao ni makavu namna hiyo. Walinieleza kwamba ujumbe wa hitilafu aghalabu huandikwa mwisho, usiku, kazi ikishachosha, na mwenye kuuandika hafikirii kuwa utasomwa na binadamu mwenzake. Ndipo nilipoona inafaa leo niwasimulie maisha ya mwanamke mmoja wa Marekani, Bibi Grace Hopper, aliyefariki mwaka 1992. Bibi huyu alitumia zaidi ya miaka 40 kutetea jambo moja, nalo ni kwamba mashine ndiyo inayopaswa kujisumbua ili imfae mtu. Kazi yake ilifika nusu ya njia. Nusu iliyobaki ndiyo hiyo inayotukera mkononi kila siku.

Alizaliwa mjini New York tarehe 9 Desemba 1906, akaitwa Grace Brewster Murray. Babake alikuwa wakala wa bima. Mamake alizipenda hesabu kwa dhati, ingawa zama zake hazikuwapa wanawake nafasi ya kuifuata elimu hiyo mbali. Inasimuliwa kwamba Grace alipokuwa na umri wa miaka 7 alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi. Akaifungua moja, vipande vikamshinda kuvirudisha. Akaifungua ya pili ili aone ya kwanza ilivyokuwa, nayo ikamwagika. Akaendelea vivyo hivyo hata saa 7 za nyumba ile zikawa zimefunguliwa zote. Mamake alipogundua alimwachia saa moja tu ya kuchezea, nyingine akamkataza. Tangu utotoni basi, kitu kilichoharibika kwake kilikuwa mlango wa kuingilia ndani na kutazama.

Alisoma hisabati na fizikia katika Chuo cha Vassar, akamaliza mwaka 1928. Akaendelea Chuo Kikuu cha Yale, akapata shahada ya pili mwaka 1930 na ya udaktari wa hisabati mwaka 1934, wakati ambapo wanawake wenye shahada hiyo walikuwa wa kuhesabika. Mwaka 1930 aliolewa na Bwana Vincent Foster Hopper, ambaye naye alikuwa mwalimu. Walikuja kuachana mwaka 1945, hawakujaaliwa mtoto, na jina la Hopper akabaki nalo hadi kufa kwake. Alifundisha Vassar tangu mwaka 1931, na lau si vita angeliishi na kuzeeka akiwa mwalimu wa hesabu.

Vita vilipoifika Marekani mwishoni mwa mwaka 1941, Bi. Hopper alitaka kuingia Jeshi la Majini, kwa kuwa babu wa mzazi wake alikuwa admeri. Walimkataa. Umri wake ulikuwa umepita kipimo, na mwili wake ulikuwa mwembamba mno: kanuni ilitaka ratili 120, naye alikosa ratili 15. Hakukata tamaa. Aliomba aruhusiwe kinyume cha kanuni, na Desemba 1943 akakubaliwa katika jeshi la akiba. Alipomaliza mafunzo, Juni 1944, alikuwa wa kwanza katika kundi lake, akapewa cheo cha luteni wa daraja la chini.

Tarehe 2 Julai 1944 alifika Chuo Kikuu cha Harvard, kwa mkuu wake mpya, Kamanda Howard Aiken. Humo chumbani aliikuta mashine ambayo hajapata kuona mfano wake. Iliitwa Mark I. Urefu wake ulikuwa futi 51, kimo futi 8, nyaya zake zikinyooshwa zingelifika maili 500, na ndani mlikuwa na vipande zaidi ya laki 7. Kwa ukubwa wote huo, iliweza kujumlisha mara 3 tu kwa sekunde. Aiken hakumpa hata nafasi ya kupumua. Alimpa hesabu ya kufanyiwa na mashine ile na siku chache za kuimaliza.

Mark I ililishwa amri kwa utepe wa karatasi uliotobolewa. Tundu moja likikosewa mahali pake, hesabu nzima hupotea, na mashine haina kinywa cha kumweleza mtu ni tundu lipi. Wakati mwingine husimama tu. Wakati mwingine haisimami, bali hutoa nambari iliyo safi machoni na isiyo kweli. Na hesabu zenyewe hazikuwa za mchezo: zilikuwa majedwali ya kulengea mizinga ya manowari, na mwaka huo huo wa 1944 mwanahisabati John von Neumann alileta hesabu za mlipuko ambazo baadaye ilijulikana zilikuwa za bomu la atomiki. Aiken alimwamuru Bi. Hopper aandike kitabu cha kuieleza mashine ile. Kilitoka mwaka 1946, chenye kurasa zaidi ya 500, ndicho miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya kumfundisha mtu namna ya kuitumia kompyuta.

Hapa sina budi nisimame kidogo juu ya kisa ambacho kimemfanya Bi. Hopper ajulikane na wengi, maana kinasimuliwa ovyo. Tarehe 9 Septemba 1947, wataalamu wa Harvard walikuwa wakiijaribu mashine ya pili, Mark II. Ilikataa kufanya kazi sawasawa. Walipotafuta walimkuta nondo, yule mdudu wa usiku apendaye taa, amebanwa katika swichi nambari 70 ya ubao F. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe wa gundi kwenye daftari la kazi, wakaandika saa 9 na dakika 45 alasiri na maelezo ya kuchekesha kwamba huyu ndiye mdudu halisi wa kwanza kuonekana. Daftari hilo, na nondo wake, liko hadi leo katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington.

Watu husema Bi. Hopper ndiye aliyemwona nondo, na kwamba hapo ndipo Waingereza na Wamarekani walipoanza kuziita hitilafu za mashine wadudu. Yote mawili si kweli. Waliomwona ni wenzake, yeye akawa msimulizi wake mkubwa. Na neno hilo mafundi walikuwa nalo kabla yake. Thomas Edison alilitumia tangu miaka ya 1870. Kichekesho cha daftari ni kwamba hatimaye mdudu wa maneno alikuwa mdudu kweli. Lakini mimi linalonivutia ni daftari lenyewe. Liliandikwa siku, saa, swichi na ubao. Aliyelifungua kesho yake hakuhitaji kumwuliza mtu. Lau daftari lingeandikwa kwamba alasiri ile kulitokea hitilafu, tusingekuwa na nondo wala hadithi.

Mwaka 1949 Bi. Hopper aliondoka Harvard akaenda Philadelphia, kwenye kampuni changa ya Eckert na Mauchly, iliyokuwa ikijenga kompyuta ya kuuzwa, UNIVAC. Huko alikutana na maradhi mengine. Kompyuta ndogo ya kampuni ile, BINAC, ilitumia hesabu za nane, yaani hazina tarakimu ya 8 wala 9, na 7 ukiiongeza 1 huandikwa 10. Bi. Hopper alizizoea hesabu hizo hata zikamwingia katika damu. Basi siku moja akakuta daftari lake la benki halipatani na benki. Alihangaika nalo asijue lilipopotoka, mpaka nduguye, ambaye kazi yake ilikuwa ya benki, alipokaa nalo usiku kadhaa akagundua kwamba mara kwa mara dada yake alikuwa akitoa fedha zake kwa hesabu za nane. Alikuwa akiishi katika dunia mbili, na mipaka yake imeanza kufutika. Hapo akaona kwamba mtu hakuumbwa ili ajifunze kuhesabu kama mashine. Mashine yenyewe na ibebe mzigo wa kutafsiri.

La pili lilikuwa hili. Watunga programu wa siku zile waliweka katika madaftari yao vipande vya programu vilivyokwisha kuthibitika. Mtu akihitaji kipande cha kutafutia kipeo cha pili, humwazima mwenzake daftari akanakili. Bi. Hopper aligundua kwamba watu hawa, wasomi wote, hawawezi kunakili wala kujumlisha. UNIVAC ilitumia alama ya pembetatu kuonyesha nafasi tupu. Ikiandikwa kwa haraka hufanana na 4. Herufi B ikiachana mgongo na tumbo huwa 13. Na kila kipande kilipohamishwa, nambari za mahali pake zilibidi zijumlishwe upya moja moja, na hapo kosa huingia bila kubisha.

Mwalimu mwingine angeliwakaripia watu wake waongeze uangalifu. Bi. Hopper aliuliza swali jingine: ikiwa kunakili na kujumlisha ndivyo vinavyowashinda watu, na mashine imeumbwa kwa ajili ya kunakili na kujumlisha, kwa nini kazi hiyo isifanywe na mashine? Mwaka 1952 programu yake iliyoitwa A-0 ikawa inafanya kazi. Mtu aliandika orodha fupi ya vipande anavyovitaka, mashine ikavichukua kwenye utepe, ikavipanga, ikazirekebisha nambari za mahali, ikatoa programu iliyo tayari. Programu ya aina hii iliitwa kompaila, na ingawa za leo hufanya makubwa zaidi, jina ni lilo hilo. Alipofikwa na tatizo la amri inayotaka kuruka kwenda mbele, mahali ambapo bado hapajaandikwa, alikumbuka mpira wa kikapu aliocheza akiwa msichana wa chuo, ambapo mchezaji humrushia mwenzake mpira mbele naye akaenda kuupokea. Akaweka pembe ya kungojea mwishoni mwa kumbukumbu ya mashine, na amri ikatulia humo hata mwenziwe afike.

Tazama, wasomaji, busara iliyomo humo. Yako makosa ambayo dawa yake si ujumbe mzuri wala ukali. Dawa yake ni kuliondoa kosa njiani lisiweze kutendeka. Hilo ndilo somo la kwanza la Bi. Hopper, na fundi anayeandika maelezo marefu ya namna ya kuepuka shimo angelifanya vyema kwanza kulifukia.

Somo la pili lilimgharimu zaidi. Alitaka watu wa biashara, wasiojua alama za hisabati, waiamuru kompyuta kwa maneno ya kawaida. Wakubwa wake walimwambia haiwezekani, kwa kuwa kompyuta haielewi Kiingereza. Miaka ikapita kabla hajasikilizwa. Alipowatengenezea mfano mdogo wa programu inayoandikwa kwa Kiingereza, aliwaonyesha pia kwamba mashine ile ile inaweza kuamriwa kwa Kifaransa na kwa Kijerumani, kwa kubadilisha maneno machache tu. Alidhani watafurahi. Kumbe aliwatia hofu, wakaona kuwa kompyuta iliyojengwa Marekani haiwezi hata kidogo kufahamu Kifaransa wala Kijerumani. Alibidi awaahidi kwamba itatumia Kiingereza peke yake. Hawakufahamu alilokuwa akiwaeleza, kwamba kwa mashine herufi ni alama tu, na wala haina kabila. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunayo haki ya kulikumbuka jambo hilo.

Kazi hiyo ilizaa lugha ya FLOW-MATIC, na mwaka 1959, katika mkutano wa Pentagon wa mwezi wa Mei, iliundwa kamati ya kutunga lugha moja ya biashara kwa kompyuta zote. Lugha hiyo ni COBOL. Bi. Hopper hakuitunga yeye mwenyewe, bali alikuwa mshauri, na FLOW-MATIC yake ndiyo iliyokuwa msingi mkubwa. Desemba 1960 programu moja ya COBOL iliendeshwa kwenye mashine za makampuni mawili tofauti, na zote zikaielewa.

Mwisho wa mwaka 1966 jeshi lilimstaafisha. Agosti 1967 likamwita tena kwa miezi 6, na miezi hiyo ikageuka miaka 19. Kazi aliyoitiwa ni hii: jeshi lilikuwa na kompaila nyingi za COBOL, na kila mwuzaji alidai yake ni sahihi, ilhali programu iliyokubaliwa na hii ilikataliwa na ile. Bi. Hopper na watu wake waliandika programu za kuzijaribu hizo kompaila, kuonyesha ni kanuni ipi iliyovunjwa na nani. Hapo ubishi ulipungua, maana mwuzaji aliwekewa kidole mahali pake.

Aliwekea ukuta wa ofisi yake saa inayozunguka kinyume, ili kila aingiaye aone kwamba mazoea si sheria. Alizunguka nchi nzima akihutubia, akiwagawia watu vipande vya waya vyenye urefu wa sentimita 30 hivi, ndio umbali ambao umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Jambo asiloweza mtu kuliona, yeye alilitia mkononi mwake. Mwaka 1973 akawa kapteni, mwaka 1983 komodoo, na mwaka 1985 admeri wa daraja la chini. Tarehe 14 Agosti 1986 alistaafu juu ya sitaha ya jahazi la kale la kivita, Constitution, bandarini Boston, akiwa na umri wa miaka 79.

Mwaka huo huo wa 1986, mbali na sherehe hiyo, lilitokea jambo linaloonyesha kazi ya Bi. Hopper ilikuwa imebakisha nini. Yeye hakuhusika nalo kwa vyovyote. Katika mji wa Tyler, Texas, palikuwa na mashine ya kuwatibu wagonjwa wa saratani kwa mionzi, iitwayo Therac-25. Mwezi wa Machi mwendeshaji wake alikosea herufi moja, akairekebisha upesi kama alivyozoea. Katika upesi ule programu ikachanganyikiwa ndani. Mashine ikasimama, ikaonyesha neno la hitilafu na nambari 54. Kitabu cha maelekezo hakikufafanua nambari hiyo. Nayo mashine ilikuwa na tabia ya kutoa nambari za namna hiyo mara kwa mara, na ikimruhusu mwendeshaji kuendelea kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kipimo kwenye skrini kilionyesha kwamba mgonjwa amepata mionzi kidogo mno. Mwendeshaji akabonyeza aendelee. Kumbe mgonjwa alikwisha kupigwa na mionzi kupita kiasi, na sasa akapigwa tena. Mashine ikachunguzwa, kasoro haikuonekana, ikarudishwa kazini. Aprili ikamfika mgonjwa wa pili kwa nambari ile ile. Wote wawili walikufa mwaka huo. Kwa jumla watu 6 walifikwa na ajali za mashine hiyo kati ya mwaka 1985 na 1987.

Chanzo cha ajali kilikuwa kasoro ya programu, na kuondolewa kwa vizuizi vya chuma ambavyo mashine za kabla yake zilikuwa navyo. Lakini kati ya kasoro na mgonjwa alikuwako binadamu ambaye angeweza kusimamisha kila kitu, naye alipewa nambari 54. Basi asitudanganye mtu kwamba maneno ya hitilafu ni pambo.

Wenye kuunda tovuti leo hawaanzi kazi kutoka mwanzo. Hutumia kiunzi kilichokwisha kutengenezwa, mfano wa mataruma ya jahazi ambayo fundi hupigilia mbao juu yake. Kimoja kati ya viunzi hivyo kinaitwa Django, nami nakipenda kwa kuwa kilizaliwa ndani ya gazeti, katika mji wa Lawrence, Kansas, kikatolewa kwa watu wote mwaka 2005. Humo, jambo likitoka nje ya utaratibu, programu hunyanyua kile ambacho mafundi hukiita eksepsheni. Mfano wake ni baharia aliyeona maji yanaingia ngamani. Akiweza kuziba, ataziba. Akishindwa humwambia sarahangi, naye akishindwa habari hupanda hata kwa nahodha. Baharia mwovu ni yule anayetandika mkeka juu ya ufa akanyamaza, na wako watunga programu wanaofanya hivyo hivyo. Mbaya wa pili ni anayepeleka habari imepunguzwa, nahodha akaambiwa chombo kina shida bila kutajiwa ubao. Ndiyo maana lugha ya Python, ambayo Django imejengwa kwayo, tangu toleo lake la 3 la mwaka 2008 huambatanisha kosa la mwisho na lile la kwanza lililolizaa.

Fundi akiwa bado anajenga, Django humfungulia ukurasa mzima: aina ya kosa, faili, mstari, mistari ya jirani, na thamani zilizokuwamo wakati ule. Akiita kiolezo cha ukurasa ambacho hakipo, haimwambii tu kwamba hakipo, bali humworodheshea kila mahali ilipokitafuta. Maneno ya siri kama nywila huyaficha kwa nyota. Na tovuti ikishafunguliwa kwa wateja, ukurasa huo hauna budi kuzimwa, maana linalomwongoza fundi humwongoza na mwizi. Kwa mteja huandikwa ujumbe mwingine. Hata nambari za mtandao zina adabu yake: zinazoanzia 400 humaanisha kasoro iko katika ombi, zinazoanzia 500 humaanisha kasoro ni ya mwenyeji. Mwenyeji mwungwana hamtupii mgeni lawama za nyumba yake.

Mwalimu wa chuo hamwambii mwanafunzi kwamba amekosea akanyamaza. Humsimamisha papo hapo kwenye herufi, akamwonyesha inatokea wapi kinywani. Nami ninapopokea mashairi ya vijana, sioni faida ya kuyarudisha na neno moja la kwamba hayafai. Nikimwandikia kijana kwamba ubeti wa 3, mshororo wa 2, mizani imezidi moja, na kwamba akiliondoa neno fulani litakaa sawa, atalitengeneza siku hiyo hiyo na huenda akawa mshairi. Wazee walituachia methali kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Katika ufundi wa mafumbo ni methali tamu. Katika ujumbe wa hitilafu ni dhuluma, maana asiyejua ndiye hasa anayehitaji kuambiwa. Aambiwe nini kimetokea, wapi, kwa sababu gani, mali yake iko katika hali gani, na sasa afanye nini. Na aambiwe kwa lugha yake: Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za Django, hivyo udhuru wa kwamba mashine haikijui umekwisha, kama Bi. Hopper alivyowaonyesha wakubwa wake zamani.

Baada ya kustaafu jeshini hakukaa nyumbani. Aliajiriwa na kampuni ya Digital kuwa mshauri, akaendelea kuhutubia vijana. Mwaka 1991 alipewa nishani ya taifa ya teknolojia. Alifariki usingizini huko Arlington, Virginia, tarehe 1 Januari 1992, akiwa na umri wa miaka 85, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington. Manowari ya Hopper, iliyoanza kazi mwaka 1997, inalo jina lake. Mwaka 2016 Rais Obama alimtunuku nishani ya uhuru, na mwaka 2017 Yale ikaipa jina lake nyumba moja ya wanafunzi.

Manowari na nishani ni heshima za wakubwa. Heshima ambayo vijana wetu wanaweza kumfanyia ni ndogo kuliko hizo na ina manufaa zaidi. Wakifika kwenye ule mstari wa mwisho wa usiku, ambapo mkono unataka kuandika kwamba hitilafu imetokea na kwenda kulala, wakae dakika 5 zaidi. Upande wa pili wa mstari ule yuko mtu ameshika simu, na karo ya mwanawe haijulikani iliko.